Matende: Maji Yaliyokosa Njia

Wasikilizaji wetu, sisi wa Galula twajua kuwa mfereji ukiziba, maji hutuama shambani. Ndivyo yalivyo matende. Mwilini mna vijia vyembamba virudishavyo maji ya mwili katika damu. Mbu atuumapo huweza kututia vijidudu vya minyoo. Nayo minyoo, myembamba kama uzi, hukaa vijiani miaka 6 hata 8, ikaviharibu, mguu ukavimba. Si kulogwa. Mwaka 2000 Tanzania ilianza kugawa dawa za kuzuia maradhi haya yasienee, kwanza kisiwani Mafia.

Je, kisu cha daktari chaponya? Mabusha, yaletwayo na minyoo iyo hiyo, huondolewa kwa kupasuliwa. Bali mguu, hata daktari akipunguza nyama au akiunganisha vijia na mishipa ya damu, waweza kuvimba tena usipotunzwa. Basi tuuoshe kila siku kwa sabuni, tuukaushe baina ya vidole, tuuinue tuketipo. Wala tusimfiche mgonjwa ndani kwa haya. Na aende hospitali mapema, uvimbe ungali laini.