Dawa ya Minyoo kwa Mtoto wa Mbwa

Msikilizaji, mtoto wa mbwa huweza kuzaliwa tayari ana minyoo. Huipata tumboni mwa mama, na mingine kwenye maziwa. Ndiyo maana dawa huanza akiwa na wiki 2, macho ndiyo kwanza yanafunguka, kisha kila baada ya wiki 2 hadi atimize angalau wiki 8. Mama naye apewe.

Kinachoniuma ni ile chupa ya dawa ya ng'ombe. Mtu anakadiria kwa macho, anamdunga kitoto cha kilo 1 ivermectin iliyokusudiwa dume la kilo 400. Kinayumba, kinatetemeka, pengine kinakufa.

Kwenye duka la dawa za mifugo ulizia dawa ya minyoo ya pirantel, ya maji, ya watoto wa mbwa. Mpime kwanza, mizani ya duka la rejareja inatosha. Tumia bomba lisilo na sindano, pembeni mwa shavu, polepole, asije akapaliwa. Akitoa minyoo myeupe kama tambi usishtuke, dawa imefanya kazi. Kinyesi kitupe chooni upesi, kwani mayai ya minyoo hiyo huambukiza hata watoto wetu, na huweza kudhuru macho yao.