Kuwaita Wengine Kwenye Klabu ya Vitara

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Thika na Ruiru)



Nimeombwa niseme juu ya klabu ndogo ya vitara ambayo vijana wetu wanataka ikue. Vitara ni ule mchezo wa kushindana kwa panga nyembamba, umefunika uso kwa barakoa ya waya. Naona wengine mmeanza kunong'onezana. Basi tuanzie hapo hapo.

Vijana walipoanza walibandika karatasi kwenye steji ya matatu na kwenye kinu cha unga, wakiwaita watoto waje kujifunza upanga. Hakuja hata mmoja. Mama mmoja aliniambia wazi kwamba panga ameiona usiku mlangoni kwake, na mtoto wake hatampeleka akafundishwe kuishika. Nilinyamaza. Alikuwa na haki. Karatasi ile ilikuwa inamwita kwenye kitu alichokikimbia.

Kwa hivyo, kwanza: jibuni hofu ya mzazi kabla hamjamwita mtoto. Kitara cha mchezo hakikati, na ncha yake ni butu. Mchezaji huvaa koti nene, glovu na barakoa. Bila barakoa hakuna kucheza. Tena ni lazima umsalimu mpinzani wako, na ukikataa unaadhibiwa. Lakini maneno hayatoshi. Mwalikeni mzazi akae kwenye benchi, akishike kitara mwenyewe. Yule mama alikuja, akapitisha kidole kwenye ubavu wa kile chuma, akaenda bila kusema neno. Jumamosi iliyofuata mtoto alifika, raba zake mkononi. Mzazi mwingine alitazama, akakataa. Hatukumlaumu.

Pili: pelekeni mchezo pale watu walipo. Uwanja wake ni mita 14 kwa urefu, na upana haufiki zaidi ya mita 2. Hiyo ni chokaa kidogo tu kando ya soko, au benchi chache kusogezwa ndani ya ukumbi. Mechi fupi ni ya pointi 5 au dakika 3, hata mama mboga anaweza kuitazama akingoja mteja. Anayeuliza aambiwe palepale siku, saa na mahali. Na saa yenyewe ichaguliwe kwa akili. Watu wengi wa Ruiru hurudi kutoka Nairobi giza limeingia, na wa viwanda vya Thika wana zamu. Waulizeni kwanza.

Tatu: simulieni mifano ya karibu. Mwaka 2021 Mburu Wanyoike alianzisha klabu ya Tsavora huko Nairobi, akifundisha vijana wa Mathare na Huruma ili wasivutwe na uhalifu. Naye Alexandra Ndolo, ambaye baba yake ni Mkenya, alipata nishani ya fedha ya dunia mwaka 2022 akichezea Ujerumani, kisha akachagua kuchezea Kenya. Mwaka 2024 huko Paris akawa Mkenya wa kwanza kucheza vitara katika Olimpiki. Hebu wasimulieni watoto, lakini jameni, msiwaahidi Olimpiki!

Nne: semeni ukweli juu ya pesa. Vifaa ni ghali, na vingi vinatoka ng'ambo. Viwe mali ya klabu, vitumiwe kwa zamu, viandikwe kwenye daftari kama mnavyoandika michango ya chama. Mgeni asiambiwe anunue kitu. Hatua za miguu ndizo hufundishwa kwanza, na miguu kila mtu amekuja nayo.

Tano: mtunzeni aliyekuja. Aitwe kwa jina, apewe mwenzake wa kumwelekeza. Akikosa Jumamosi mbili, mtu aende nyumbani kuuliza hali yake. Mazoezi ya watoto yawe na watu wazima wawili kila mara. Na klabu isajiliwe kwa Msajili wa Michezo, kama Sheria ya Michezo ya 2013 inavyotaka, ili mzazi ajue anashughulika na watu gani.

Msihesabu waliokuja siku ya maonyesho. Kila mtu hupenda kutazama. Hesabuni waliobaki baada ya miezi mitatu. Hao ndio klabu. Nasi tuliobaki wachache tusione haya, kwa maana haba na haba hujaza kibaba.



Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Katika kikundi chetu, ni hofu gani inayowazuia watu kujiunga, na ni nani amewahi kuwauliza?
2. Mwanachama wa mwisho kuondoka aliondoka kwa nini? Nani alimtembelea?
3. Siku na saa za mkutano wetu zinamfaa nani, na zinamfungia nani nje?