Paa Kabla ya Mvua
Maneno ya Kamati katika Harambee ya Mwaka



Kila mwaka tunachangishana kwa ajili ya maendeleo, na mvua zikianza sehemu ya fedha hizo inarudi kwenye paa lililoezuliwa. Hapo hatujengi darasa la pili, tunarudia lile la kwanza. Ndiyo maana leo tumeomba kusema juu ya mvua ya mawe.

Sisi wa uwandani tunaijua. Upepo hutangulia, mabati yakapiga kelele hata watu wasisikilizane, na ikikatika uwanja ni mweupe na mahindi ni mabua matupu. Sumbawanga mjini ni kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Wenzetu wa Bonde la Rukwa wako chini sana, na joto la kule mara nyingi huyeyusha barafu kabla haijafika ardhini. Kwetu hufika ikiwa mawe. Tena tumekata miti, na upepo haukuti kizuizi.

Tusidhani hasara yake ni mabati tu. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe na upepo ilipiga kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, ikaua watu zaidi ya 40. Wengi waliangukiwa na kuta za udongo zilizolowa wakiwa wamelala. Nyumba za namna ile zipo pia kwetu, na wazazi wetu wanalala humo.

Basi tufanye nini? Kwanza, kabla ya Novemba tupande juu ya paa. Misumari iliyolegea ibadilishwe, papi lililooza litolewe, na kenchi zifungwe kwa chuma au waya hadi ndani ya ukuta, zisikae juu yake tu. Anayenunua bati akumbuke kwamba namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba: geji 32 ni jepesi kuliko 28. Nyumba ya udongo ichimbiwe mfereji ili maji yasisimame kwenye msingi. Mvua ikianza, watoto na wachungaji wasijifiche chini ya miti, na ukuta uliopasuka usilaliwe karibu. Tufuatilie pia tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni.

Pili, bima. Wapo wanaosema kuikatia nyumba bima ni kuitakia mabaya. Lakini pikipiki na magari yetu tunayakatia, na hatujayatakia ajali. Mwenzetu mmoja paa lake lilipoondoka alikwenda benki akiamini ana bima, kwa kuwa alikatwa fedha ya bima alipochukua mkopo. Akaambiwa ile ni ya kulipa deni endapo angefariki. Nyumba haikuwamo.

Kwa hiyo tuulize kabla ya kulipa. Je, bima hii ni ya moto tu, au imetaja dhoruba na mvua ya mawe? Thamani iliyoandikwa ndiyo ya kweli? Nyumba ya shilingi milioni 40 ukiiandikisha kwa milioni 20 ili upunguze ada, kisha ukapata hasara ya milioni 6, kampuni inaweza kukulipa milioni 3, kwa sababu uliikatia nusu. Tuhakikishe kampuni na wakala wamesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Tupige picha za nyumba ikiwa nzima, tutunze risiti, na hasara ikitokea tutoe taarifa mara moja.

Tunajua pia kwamba nyumba ya udongo na nyasi si rahisi kupata bima. Kwa wenye nyumba hizo tunashauri vikoba vyetu viongeze mfuko wa jamii, mvua isikute sanduku tupu.

Sasa ombi letu. Tunaomba sehemu ya michango ya leo iende kukaza mapaa ya majengo tuliyojenga pamoja, kazi ikamilike kabla ya mvua. Majengo tuliyokwisha kuyakabidhi ni mali ya halmashauri, na bima hukatwa na mwenye mali. Tukikubaliana leo, tutaiandikia halmashauri tukae nayo tuone ada itapatikana vipi.

Tunajua misumari na ada ya bima havizinduliwi kwa utepe, wala hakuna atakayepiga picha mbele yake. Mwaka ukipita bila dhoruba, wengine watasema fedha imepotea. Sisi tunasema mwaka huo watoto watakuwa wamesoma darasani wakiwa wakavu, na harambee ijayo itajenga jengo jipya.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi kuta tumezirudia vya kutosha. Karibuni tuchangie.