Kiasi Kinachofika Mkononi



Kila mwisho wa mwezi, mishahara ikishalipwa, hujipanga mbele ya maduka ya kubadilishia fedha ya Ruwi, mjini Maskati, watu wa kila taifa waliotoka kwao kutafuta riziki, na miongoni mwao hawakosekani wasemao Kiswahili: mtumishi wa nyumbani aliyetoka Kwale, fundi wa umeme aliyetoka Tanga, muuguzi aliyetoka Unguja, kila mmoja na kitambulisho chake cha ukaazi mkononi, na kila mmoja ana jamaa nyuma yake wanaongojea masurufu ya nyumba, karo ya mtoto au dawa za mzee. Aghalabu swali lao la kwanza dirishani ni moja: ada ya kutuma ni kiasi gani? Nataka jioni hii kubainisha kwamba swali hilo, ingawa ni la haki, ndilo dogo kuliko yote, kwa sababu chumo kubwa la duka halimo katika ada.

Riali ya Omani imefungamanishwa na dola ya Marekani, na tangu mwaka 1986 kadiri yake haijabadilika: riali 1 ni dola 2 na senti 60. Kwa hiyo atumaye riali 100 ana hakika ya dola 260, na ni vigumu mtu kumghilibu katika kipande hicho cha safari. Kipande cha pili ndicho chenye giza, yaani pale dola inapogeuzwa kuwa shilingi, kwani bei yake hupanda na kushuka kila siku ya kazi, mtumaji hana habari nayo, na duka lina uhuru wa kujikatia lake ndani ya bei hiyo bila kulazimika kuliita ada.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme leo mabenki yanauziana dola kwa shilingi 130 za Kenya, basi dola 260 zastahili kuzaa shilingi 33,800. Duka la kwanza limebandika kiooni, kwa herufi za kupofusha macho, kwamba halitozi hata baisa moja; lakini dola yake inahesabiwa shilingi 126, na ndugu aliyeko Mombasa anapokea 32,760. Duka la jirani linakata riali moja na nusu waziwazi, mteja akiona na akinuna, kisha linahesabu dola kwa shilingi 129, na Mombasa zinafika 33,000 na ushei. Asiyetoza kitu amechukua zaidi ya shilingi elfu moja, na aliyetoza amechukua kasoro ya mia nane. Tangazo la kwanza si la uongo, maana ada kweli haipo, nami ndiyo maana nalichukia zaidi kuliko uongo ulio dhahiri.

Nilipata kumwona mama mmoja wa makamo, kajitanda kanga, amesimama mbele ya karani kijana wa Kiomani ambaye Kiswahili alikirithi kwa bibi yake. Kijana akasema kwa adabu, "Mama, leo kutuma ni bure." Mama akajibu, "Ahsante, mwanangu. Sasa niambie, dada yangu aliyeko Likoni atashika shilingi ngapi mkononi?" Kijana akabonyeza mashine yake ya hesabu, akamgeuzia. Mama akaitazama, akaiandika ile jumla nyuma ya bahasha, akasema, "Basi ngoja, mwanangu, nikaulize na kwa yule wa ng'ambo ya njia." Hakufika mlangoni. Kijana akamwita huku akicheka, akamwongezea senti kadhaa katika kila dola, kwa kuwa katika maduka hayo, jambo ambalo wageni wengi hawalijui, karani mara nyingi ana ruhusa ya kumlegezea bei mteja mwenye fungu kubwa au mteja wa kila mwezi, ila halegezi asipoombwa.

Wazee wetu hawakutuachia maarifa haya kwa sababu hawakuyahitaji. Bodi ya Fedha ya Afrika Mashariki iliyokaa London ilishikilia shilingi 20 kwa pauni moja mwaka baada ya mwaka. Unguja ikaacha rupia yake na kuingia katika shilingi hiyo mwaka 1936, na hata Aden ikaitumia kwa muda. Hivyo Mpemba aliyefanya kazi Mombasa aliwapelekea watu wake shilingi ile ile aliyoichuma. Hali hiyo ilikoma mwaka 1966, Kenya, Uganda na Tanzania zilipotoa kila moja fedha yake. Leo fedha ya kutoka Mombasa kwenda Tanga, mwendo wa gari wa saa chache, yapita mikononi mwa mbadilishaji sawasawa na itokayo Maskati.

Wapo wanaopendelea benki kwa benki, hasa kwa mafungu makubwa kama ya kununua kiwanja au kulipa chuo, nami siwalaumu. Walakini wafahamu mambo mawili. La kwanza ni kwamba dola zao, kabla ya kutua Dar es Salaam, hupitia aghalabu benki ya New York, nayo hujimegea ujira wake njiani. Fomu huuliza nani abebe gharama hizo, mtumaji, mpokeaji au wote wawili, na asiyeijaza kwa uangalifu hushangaa karo ikifika pungufu na mtoto akirudishwa nyumbani kwa dola ishirini. La pili ni siku za kazi. Omani hupumzika Ijumaa na Jumamosi, ilhali New York na Afrika Mashariki hupumzika Jumamosi na Jumapili. Basi fedha iliyotolewa Alhamisi alasiri, madirisha yakikaribia kufungwa, yaweza kulala hadi Jumatatu, na mgonjwa hospitalini asijue kwa nini. Jina nalo liandikwe kama lilivyo katika kitambulisho cha mpokeaji, maana Salim na Salum kwa benki ni watu wawili.

Simu zimeharakisha mambo. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, watu wamezoea fedha kuingia mfukoni mara moja, na siku hizi hata itokayo ng'ambo huingia hivyo. Lakini wepesi huo una hila yake: mtu hutuma riali 25 mara nne kwa mwezi, kila anapopigiwa simu ya shida, akalipa ada mara nne kwa kitu ambacho kingekwenda mara moja. Kuwaambia jamaa kwamba masurufu huja siku moja tu ya mwezi ni kazi ngumu kuliko kutafuta duka la bei nzuri, na wengi wetu tunaikwepa.

Ipo pia hawala ya wafanyabiashara, ambayo kwayo mtu hukabidhi riali zake kwa tajiri wa Maskati, tajiri akampigia simu mwenziwe wa Kariakoo, huyu akatoa shilingi kutoka sandukuni mwake, nao wakaja kulipana baadaye kwa bidhaa. Ni muamala wa kale unaosimama juu ya uaminifu, na bei yake mara nyingi hushinda ya benki. Sitauvunjia heshima, ila siwezi kumshauri mtu aweke humo jasho lake lote bila stakabadhi. Wasomali wengi walionja taabu mwezi Novemba 2001, Marekani ilipozuia mali za Al-Barakaat, shirika la hawala lililokuwa likiwapelekea watu wao fedha.

Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba ifikapo 2030 gharama ya kuwatumia jamaa fedha ishuke chini ya asilimia 3. Hesabu za Benki ya Dunia kwa fungu la dola 200 zinaonyesha kwamba kulileta kusini mwa Sahara hugharimu karibu asilimia 8. Marekani, tangu Oktoba 2013, sheria humlazimisha mpelekaji kumwonyesha mteja, kabla hajalipa, ada, bei ya kubadilishia na kiasi kitakachopokewa. Sioni kinachozuia benki kuu ya Omani kuyaagiza maduka yake yaongeze mstari mmoja zaidi katika stakabadhi, bei ya mabenki ya siku hiyo ichapwe kando ya bei ya duka, mteja azione zote mbili kabla ya kutia sahihi. Na benki kuu zetu ziwaagize vivyo hivyo mawakala wanaolipa huku.