Kabla ya Kumlipa Mtu Akuchapishie Kitabu

Hotuba kwa wakazi wa Kaunti ya Isiolo wanaoandika au wanaotaka kuandika kitabu cha kwanza



Mtu akimaliza mswada wake wa kwanza (wa kitabu, si ule wa bunge la kaunti), swali analouliza mara nyingi ni hili: wakala wa waandishi anapatikana wapi? Swali hilo limetokana na mafunzo ya mtandaoni yanayotayarishwa Marekani na Uingereza. Huko wachapishaji wakubwa wengi hawapokei riwaya kutoka kwa mwandishi mwenyewe. Ni lazima ipitie kwa wakala, ambaye huitafutia mchapishaji, hujadili mkataba, kisha hukata fungu lake, kwa kawaida asilimia 15 ya malipo ya mwandishi. Anafanya kazi kama dalali wa soko la mifugo: ng'ombe asipouzwa, dalali naye hana chake.

Kenya mambo ni tofauti. Mawakala wa namna hiyo ni adimu sana, na wachapishaji wa Nairobi wamezoea kupokea miswada moja kwa moja kutoka kwa waandishi. Mwenye daftari lake Merti au Oldonyiro anaweza kubisha mlango ule ule anaobisha mhadhiri wa chuo kikuu.

Mwaka 1962, mwanafunzi wa Makerere aliyeitwa James Ngugi, ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kama Ngũgĩ wa Thiong'o, alikuwa na mswada lakini hakuwa na wakala. Juni mwaka huo waandishi wa Afrika walikutana chuoni hapo. Ngugi akamwomba Chinua Achebe ausome, Achebe akaufikisha kwa kampuni ya Heinemann, na mwaka 1964 kitabu Weep Not, Child kikatoka. Kabla ya hapo kijana huyo alikuwa ameandika riwaya nyingine kwa ajili ya shindano la East African Literature Bureau. Hiyo ndiyo iliyotoka mwaka 1965 kwa jina The River Between. Miaka 30 hivi baadaye, daktari wa watoto, Margaret Ogola, alichapishiwa The River and the Source na Focus, kampuni ya hapa Kenya, mwaka 1994. Kitabu kilishinda Tuzo ya Jomo Kenyatta na baadaye kikasomwa katika shule za sekondari nchi nzima.

Isiolo ina sababu ya kuharakisha. Wakazi wa wadi ya Wabera wanajua jina hilo linatoka kwa Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya aliyeuawa mwaka 1963. Lakini ni wangapi wamewahi kushika kitabu kizima kinachomhusu, kilichoandikwa na mtu wa hapa? Wanaoikumbuka miaka ya Shifta, jinsi watu walivyokusanywa Garbatulla na Merti na mifugo ilivyoteketea, wamebaki wachache, na umri umekwenda. Yapo madaftari nyumbani mwa watu yenye habari hizo. Yakipotea, hakuna nakala nyingine.

Hapo ndipo matapeli wanapoingia. Mtu anajitambulisha kwa simu kuwa ni wakala, anausifu mswada kabla hata ya kuusoma, kisha anaomba ada ya kuusoma, ada ya kuuhariri na ada ya kuupeleka ng'ambo. Mzee anauza mbuzi, anatuma pesa kwa M-Pesa, na simu inazimwa. Wakala wa kweli hulipwa kitabu kikishauzwa. Mchapishaji wa kweli hugharimia uchapishaji kwa fedha zake, hamtozi mwandishi.

Kazi ya kutafuta mchapishaji huanzia kwenye rafu ya vitabu. Tafuta vitabu vinavyofanana na chako, fungua ukurasa unaofuata jina la kitabu, uone nani alivichapisha. Longhorn, East African Educational Publishers na Kenya Literature Bureau, ambalo ni shirika la serikali, ni baadhi ya majina utakayokutana nayo. Ukweli ni kwamba wengi wao huishi kwa vitabu vya shule, hivyo hadithi ya watoto au ya vijana hupata nafasi haraka kuliko mashairi ya watu wazima. Uliza kwanza wanataka nini. Piga mswada chapa, andika muhtasari wa ukurasa mmoja, baki na nakala yako, usitoe daftari la asili kwa mtu yeyote. Kisha subiri, maana jibu huchukua miezi.

Njia nyingine ni mashindano. Yvonne Adhiambo Owuor alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2003 kwa hadithi fupi moja iliyotoka katika jarida la Kwani?. Riwaya yake Dust, ambayo sehemu kubwa yake iko katika nyika za kaskazini mwa Kenya, ilifuata mwaka 2013. Kwa wanaoandika Kiswahili, ipo Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, ambayo hupokea hata miswada isiyochapishwa.

Mkataba ukija, usisaini siku hiyo hiyo. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi ni mali yako tangu ulipoiandika, na haki hiyo hudumu miaka 50 baada ya kifo chako, kwa hiyo ni urithi wa watoto. Haihami mpaka utie sahihi kwenye maandishi. Soma unatoa haki gani: kitabu tu, au pia tafsiri na filamu? Kwa muda gani? Na mrabaha unahesabiwa vipi? Chukua kitabu cha shilingi 500. Asilimia 10 ya bei ya dukani ni shilingi 50. Lakini kama mchapishaji amemuuzia mwenye duka kwa 350 na mkataba unataja pesa anazopokea yeye, unabaki na 35. Neno moja limekula shilingi 15 kwa kila nakala.

Anayeamua kujichapishia anahitaji nambari ya ISBN, ambayo hapa nchini hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, KNLS. Apate bei kutoka kwa wapiga chapa watatu, na aanze na nakala chache anazojua atamuuzia nani. Na aliyeandika maneno ya mzee mwingine amsomee kwanza, amuulize kama anakubali jina lake litajwe, kabla mswada haujaondoka Isiolo.