Ndege ya Maboksi



Wanafunzi wanapounda ndege ya mfano kwa maboksi, vijiti na gundi, kuiunda huwa shangwe tupu. Kuijaribu ndiko kunakowapima wao wenyewe. Hurushwa polepole juu ya majani, siku isiyo na upepo. Ikiinua pua, ikapunguza mwendo, kisha ikaporomoka, mara nyingi uzito umelemea mno nyuma. Basi hubandikwa donge dogo la udongo puani. Ikijichimbia ardhini, donge hupunguzwa, nayo hurushwa tena. Mwalimu mwenye busara huwakataza kubadili mambo mawili kwa mara moja, maana hawatajua ni lipi lililoponya na ni lipi lililodhuru.

Nimewatazama vijana katika hatua hiyo. Mmoja husingizia upepo, ingawa hata jani halitikisiki. Mwingine humnyoshea kidole mwenzake aliyepaka gundi. Wa tatu, naye ni nadra, huiokota ndege na kuipima kwa ncha za vidole chini ya mabawa, aone inalemea wapi. Huyo ndiye ambaye ndege humtii.

Wilbur na Orville Wright wa Dayton, Marekani, walikuwa watoto mwaka 1878 baba yao, Milton Wright, askofu wa kanisa la United Brethren, alipowaletea kichezeo kilichoruka kwa nguvu ya mpira uliosokotwa. Wakaunda vya kwao, vikubwa zaidi; kadiri vilivyozidi ukubwa ndivyo vilivyokataa kuruka. Mwaka 1901, wakiwa watu wazima, ndege yao isiyo na injini ilibebwa na hewa kwa nguvu ndogo kuliko hesabu zilivyoahidi. Hesabu hizo walizirithi kwa watangulizi wenye heshima. Hata hivyo, walithubutu kuzitilia shaka. Wakaunda sanduku refu la mbao lenye feni, wakajaribu humo mabawa madogo ya maumbo yapatayo 200. Ndege yao ya mwaka 1902 ilielea vizuri zaidi, na tarehe 17 Desemba 1903 wakaruka kwa injini. Mara ya kwanza, sekunde 12 tu.

Sekunde 12! Wako wazazi wasiompa mtoto aliyeshindwa mtihani hata muda huo wa kujieleza. Fimbo hutangulia, na mtoto hujifunza kuficha daftari. Ufa uliofichwa katika bawa la boksi hugharimu kijiti kimoja. Uliofichwa moyoni mwa kijana hugunduliwa ameshakwenda mbali na nyumbani. Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wapime kila jambo, wala hakuwaambia wampige anayeleta matokeo mabaya.

Nanyi makatekista, mtoto akijibu visivyo mbele ya wenzake, mwulizeni kwanza amefikaje kwenye jibu hilo. Kisha nyamazeni, mkamsikilize mpaka amalize.