Miwani na Wigi: Vaa Vyote Viwili Bila Maumivu

  

Leo ninazungumza nawe unayevaa miwani na pia wigi. Huenda unavaa wigi kwa urembo. Huenda unalivaa kwa sababu nywele zimekatika, au zimetoka kwa ugonjwa au kwa dawa. Swali letu ni hili: je, vitu hivi viwili vinaweza kukaa kwenye kichwa kimoja bila kukuumiza na bila kukuaibisha? Jibu ni ndiyo, lakini kuna namna yake.

Usidhani hili ni jambo la urembo tu. Katika ziara za nyumbani niliwahi kumtembelea mama mmoja aliyekuwa akipata kemotherapi, yaani dawa za kutibu saratani. Nywele zake zote zilikuwa zimetoka, na watoto wake wakamnunulia wigi zuri. Lakini kila alipolivaa, miwani ilimbana juu ya masikio na kichwa kikamuuma. Akaamua kuiacha miwani ndani ya mkoba. Kanisani alipendeza, ila nyimbo alisomewa na jirani. Nilipomuuliza kama anapima joto la mwili, alinionyesha kipimajoto akasema, "Sista, hizo nambari ndogo siku hizi sizioni."

Hapo ndipo penye hatari. Kemotherapi hupunguza kinga ya mwili. Mgonjwa anayeitumia joto lake likifika nyuzi 38 anatakiwa kwenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Asipoweza kusoma kipimajoto, atajuaje?

Na wewe usiye na saratani, jichunguze. Unavua miwani ili wigi likae vizuri, kisha unavuka barabara kwa kukisia. Unashuka kwenye matatu bila kuona ukingo wa lami. Unampimia mtoto dawa ya maji na alama za kijiko huzioni. Wengi wetu tukifika miaka 40 hivi, macho huanza kushindwa na herufi ndogo. Kwa hivyo hata kama leo huna miwani, sikiliza.

Sasa tuangalie maumivu yanatoka wapi. Miwani hukaa juu ya sehemu tatu: pua na masikio mawili. Wigi nalo lina kofia ndani yake, na kofia hiyo ina ncha mbili zinazoshuka mbele ya masikio. Mikono ya miwani na ncha za wigi hukutana mahali pamoja. Ikiwa wigi linabana, au limevaliwa vibaya, au miwani ni nzito, basi mfupa ulio juu ya sikio ndio unaoumia. Wakati mwingine kofia huinua mkono mmoja wa miwani, lenzi zikakaa upande. Mwenye miwani ya kuonea mbali na kusomea pamoja huhisi hilo upesi, kwa sababu sehemu ya kusomea haiko tena pale jicho linapoitafuta.

Kwanza, pima kichwa. Chukua utepe wa fundi cherehani, uzungushe kutoka pale nywele zinapoanzia kwenye paji la uso, upite juu ya masikio hadi kisogoni, kisha urudi ulipoanzia. Mawigi mengi ya saizi ya kati huwafaa watu wenye kipimo cha sentimita 55 hadi 57 hivi. Kama umenyoa au nywele zimetoka, pima upya, kwa maana kichwa kisicho na nywele ni kidogo kuliko ulivyozoea. Mawigi mengi yana vikanda nyuma vya kukaza na kulegeza. Kaza mpaka lisiteleze, usikaze mpaka liache alama kwenye ngozi.

Pili, livalishe mahali pake. Ukingo wa mbele ukae pale nywele zako zilipokuwa zikianzia, kama upana wa vidole vinne juu ya nyusi. Zile ncha mbili zilale bapa mbele ya masikio, na zote ziwe sawasawa. Zisipande juu ya sikio. Nyingine zina waya mwembamba ndani; ukunje polepole ufuate umbo la uso wako. Yule mama niliyemtaja, shida yake ilikuwa hapa. Wigi lilikuwa limeshuka sana, ncha zimelala juu ya masikio, na miwani ikizikandamiza. Tulipolipandisha na kukaza vikanda vya nyuma, mikono ya miwani ilipata njia. Siku ile ile alisoma kipimajoto mwenyewe.

Tatu, wigi litangulie, miwani ifuate. Shika miwani kwa mikono miwili, uipeleke moja kwa moja kutoka mbele, mikono yake ipite chini ya nywele za wigi na ikae juu ya sikio lenyewe, si juu ya kofia ya wigi. Wakati wa kuvua, anza na miwani, ndipo wigi. Ukivua wigi kwanza, unaweza kuing'oa miwani ikaanguka sakafuni.

Nne, fanya majaribio ukiwa nyumbani. Tikisa kichwa kama unayekataa, kisha kama unayekubali. Inama kama unayeokota beseni. Tafuna, cheka. Soma mistari michache ya gazeti. Kama miwani imeteleza au imekaa upande, rekebisha kabla ya kutoka.

Tano, ukienda kununua au kurekebisha miwani, nenda umevaa wigi. Watu wengi huenda na kitambaa kichwani, miwani ikarekebishwa ikatosha, kisha nyumbani wakivaa wigi inabana. Mwambie mtaalamu wa miwani, bila haya, kwamba unavaa wigi. Chagua fremu nyepesi yenye mikono myembamba. Mtaalamu anaweza kuipasha joto mikono ya plastiki na kuikunja ikufae. Usijaribu kuifanya kazi hiyo mwenyewe kwenye jiko la makaa, utaharibu fremu na lenzi.

Sita, angalia nywele za mbele. Zikigusa lenzi zitaacha mafuta na utaona ukungu mchana kutwa. Mwombe msusi azipunguze ukiwa umevaa miwani, kidogo kidogo, maana nywele za wigi zikikatwa haziotei tena. Mafuta na dawa za kupuliza zipake kabla ya kuvaa miwani. Lenzi zioshe kwa maji safi na tone la sabuni ya vyombo, kisha uzipanguse kwa kitambaa laini kisicho na vumbi. Pindo la leso au la sketi huzikwaruza.

Wewe unayevaa wigi kwa urembo, nikukumbushe jambo moja. Mara nyingi nywele zilizo chini yake husukwa matuta ya kubana ili wigi lilale vizuri. Ukiona vipele kwenye ukingo wa paji, au ngozi inauma unapokunja uso, ujue umebanwa kupita kiasi. Nywele zikivutwa hivyo kwa muda mrefu hukatika, na mwishowe zinaweza kukosa kuota tena. Mwambie msusi alegeze. Usione haya; kichwa ni chako na pesa ni zako.

Wewe uliye kwenye matibabu ya saratani, si kila dawa huondoa nywele, kwa hivyo muulize daktari kuhusu yako. Kwa dawa zinazoziondoa, mara nyingi nywele huanza kutoka wiki mbili au tatu baada ya dozi ya kwanza. Ukiweza, shughulikia wigi na miwani kabla ya hapo. Ndani ya wigi vaa kofia laini ya pamba. Kila jioni, ukishavua, mwombe mtu akuangalie nyuma ya masikio. Ukiwa na mchubuko, pumzisha wigi, funga kitambaa laini, na umwonyeshe muuguzi, kwa kuwa kidonda kidogo kinaweza kuingiza maambukizi. Usilale na wigi. Usilivae pia unapopika au kufungua oveni, kwa sababu nywele za plastiki husinyaa na kuyeyuka kwa joto na mvuke. Dawa zikiisha, nywele za wengi huanza kurudi ndani ya miezi michache.

Na jambo la kukutia moyo ni hili. Baadhi ya dawa hizo huondoa hata nyusi na kope. Watu hao miwani huwafaa mara mbili. Fremu yenye ukingo wa juu unaoonekana husaidia kuficha pale nyusi zilipokuwa. Na kwa kuwa kope hazipo za kuzuia vumbi, lenzi hupunguza vumbi linaloingia machoni. Kwa hivyo ukijitazama kwenye kioo, usiione miwani kuwa adui wa wigi.

Wahenga walisema, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Ni kweli, lakini hapa huhitaji kupoteza kimoja kati ya hivyo. Unaweza kuona vizuri na moyo wako ukatulia. Na siku ambayo hutaki wigi, vaa miwani yako na kitambaa, au na upara wako, utembee. Anayekukodolea macho atazoea. Nyinyi mlio karibu na mgonjwa, msimguse wigi kwa mzaha, na msimwambie "ukivua miwani unapendeza." Neno hilo dogo ndilo linalomfanya aifiche mkobani.

Mwisho, kuna mambo yasiyotibiwa kwa kurekebisha fremu. Kichwa kikiendelea kuuma hata ukiwa umevua wigi na miwani, nenda kituo cha afya. Ukipoteza uwezo wa kuona ghafla, ukiona mimweko ya mwanga, au jicho likiuma na kuwa jekundu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kama una kisukari, macho yako yachunguzwe kila mwaka, hata kama unaona vizuri.

Leo kabla ya kulala, toa miwani kwenye mkoba, vaa wigi lako, simama mbele ya kioo na ujaribu hatua hizi. Ukikwama, muulize mhudumu wa afya wa mtaa wako au muuguzi wa kituo kilicho karibu nawe.